Nyungunyungu wanakula sumu ya shamba, sawa, lakini wanaipeleka wapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Njiru, hapa Nairobi. Kwa ufupi anasema: "Daktari, niko na kashamba chini kabisa karibu na mto, nalima sukuma na nduma, na nina kuku wa kienyeji kama ishirini. Kuna kijana alikuja akatuambia mchanga wa huku uko na risasi na hizo sumu zingine za takataka, lakini tukinunua nyungunyungu wake tuwamwage shambani watakula hio sumu yote, msimu mmoja tu mchanga uko safi. Alafu wakizidi tunalisha kuku. Ni ukweli? Na kama wanaikula, huwa wanaitoa na choo ama inabaki ndani yao?"

Mama, nimefurahi umeuliza hio ya mwisho, manake watu wengi wakishasikia "wanakula sumu" hapo hapo wanatoa pesa, hakuna anayeuliza mnyama akishakula kitu inaenda wapi. Kijana hajakudanganya kila kitu, amekata hadithi katikati. Nyungunyungu kweli huchukua metali nzito, yaani risasi (ile lead ya betri za gari), kadimiamu, zinki na shaba, kutoka kwa udongo mchafu na kuweka mwilini. Lakini shamba halisafishiki hivyo, na hao kuku tafadhali usiwape kitu kabla hujamaliza kusoma hapa.

Tuanze na hii. Ganda la ndizi likioza linaisha, sehemu kubwa inageuka hewa inaenda zake. Risasi haiozi. Hakuna mdudu wala bakteria wa kuimaliza, hata moto hauiwezi, ukichoma inapanda na moshi inashukia kwa jirani. Kwa hivyo mtu akikuambia kiumbe fulani kinamaliza metali nzito wewe muulize tu imehamia wapi, kwa sababu kazi pekee inayoweza kufanyika hapo ni kuhamisha.

Sasa inaingiaje. Wengi tunafikiria ni kwa mdomo, manake nyungunyungu ni kama bomba linalotembea, udongo unaingia mbele unatokea nyuma. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walichapisha kitu cha ajabu kidogo, walichukua nyungunyungu wa aina ya Lumbricus rubellus wakawaziba midomo na gundi, ile ya madaktari ya kufunga vidonda, wakawaweka kwa udongo wenye metali pamoja na wenzao ambao midomo iko wazi. Kila nikifikiria mtu mzima ameketi na mnyoo mkononi anampaka gundi mdomoni nacheka peke yangu, lakini jibu walilopata lilikuwa la maana sana: wale waliozibwa walichukua kadimiamu, shaba na risasi karibu sawa na wale wanaokula. Ni zinki ndio ilionekana sehemu yake kupitia tumboni. Yaani mlango mkubwa ni ngozi.

Na ukifikiria vizuri ni lazima iwe hivyo. Nyungunyungu hana mapafu, anapumua kwa ngozi, na ngozi ya kupumua lazima ikae na maji saa zote ndio maana jua likimpata barabarani anakufa haraka. Sasa hayo maji yanayomlowesha ndio yale yale yaliyo katikati ya chembe za udongo, na metali iliyoyeyuka ndani yake imegusana na yeye usiku na mchana. Risasi iliyoshikwa kabisa na udongo wa mfinyanzi haimsumbui sana, ni ile iliyoachiliwa ikaingia kwa maji. Ndio maana unaweza kupata mashamba mawili yenye risasi kiasi kile kile kwa karatasi ya maabara, lakini nyungunyungu wa shamba moja wamejaa na wa lingine hawana shida sana. Tofauti kubwa huwa ni asidi. Udongo ukiwa na asidi metali zinaachiliwa, ukiwa na mboji nyingi na mfinyanzi zinashikwa. Hapo huko kwenu mko na bahati kidogo, ule udongo mweusi wa kunata unaowakasirisha wakati wa mvua hushika metali kuliko udongo wa kichanga, na kwa kawaida hauna asidi nyingi.

Ikishafika kwa ngozi inapitaje? Kadimiamu ni kama abiria anayepanda mat na tiketi ya mtu mwingine. Ayoni yake, yaani chembe yake ikishayeyuka kwa maji, ina ukubwa karibu sawa na ya kalsiamu, na kikemia inafanana na zinki, kwa hivyo inapita kwa milango ambayo mwili umejitengenezea kuingiza hizo mbili. Mwili unadhani umepata chakula. Risasi pia inajua huo mchezo wa kujifanya kalsiamu, na si kwa nyungunyungu peke yake, kwa binadamu pia, ndio maana kwetu inaenda kukaa kwa mifupa.

Ikishaingia kwa damu inapelekwa kwa tishu moja ya rangi ya manjano iliyozunguka utumbo, inaitwa kloragogeni, wewe ichukulie tu ni kama ini lake. Hapo kuna stoo mbili. Stoo ya kwanza ni vijipunje vidogo sana vya fosfeti na kalsiamu, risasi na zinki zinafungiwa humo, ikishafungiwa haizunguki kuharibu vitu. Stoo ya pili ni ya kadimiamu na inatumia protini inayoitwa metalothioneni. Hio protini iligunduliwa mara ya kwanza mwaka 1957 kwa figo ya farasi, baadaye ikapatikana kwa wanyama wengi, hata sisi tunayo. Imejaa salfa, na kadimiamu inapenda salfa vibaya, ikikutana nayo inashikamana haiachi. Nyungunyungu akiwekwa kwa udongo wa kadimiamu mwili wake unaanza kutengeneza hio protini kwa wingi, hadi watafiti huipima kama alama kwamba mnyama ameguswa na sumu.

Kwa hivyo tumefika kwa swali lako lenyewe, anatoa ama hatoi. Inategemea ni metali gani.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huchanganya. Ule udongo unaopita tumboni na kutoka nyuma, vile vijirundo unaviona asubuhi baada ya mvua, huo mwingi haukuwahi kuingia mwilini, umepita tu kwa bomba. Risasi iliyoko kwa hicho choo si risasi aliyoitoa mwilini, ni risasi ambayo hakuichukua. Ndio maana maabara ukitaka kujua metali iliyo ndani ya mnyoo lazima kwanza umfungishe, unamweka kwa karatasi yenye unyevu siku moja ama mbili hadi tumbo liishe udongo. Na hio karatasi ubadilishe, manake hula choo chake mwenyewe. Mimi nikiwa mwanafunzi sikubadilisha, nikapata majibu ya risasi yaliyoruka huku na kule, nikakaa wiki nzima nalaumu mashine, kumbe nilikuwa napima udongo uliorudi tumboni.

Sasa ile iliyoingia kweli kweli. Zinki na shaba ni metali ambazo mwili wenyewe unazihitaji kidogo, kwa hivyo uko na njia za kuzipima na kuzitoa zikizidi. Ukimtoa nyungunyungu kwa udongo mchafu umweke kwa msafi, zinki na shaba zinashuka ndani ya siku chache. Kadimiamu hapana. Unaweza kumweka kwa udongo safi wiki baada ya wiki na kiwango kinasonga kidogo sana, kwa sababu imefungwa kwa ile protini na mwili hauna mlango wa kuitolea, ulikuwa na mlango wa kuingilia tu. Wengine hufa nayo. Risasi iko hapo katikati lakini imeelemea upande wa kutotoka.

Njia za kutolea zenyewe ni za kushangaza kidogo. Ana vijifigo viwili viwili karibu kila pingili, vinachuja na kumwaga mkojo nje. Ana ute wa ngozi, nao hubeba kiasi. Karibu na koo ana tezi zinazotengeneza vijiwe vya kalsiamu kaboneti, yaani chokaa kabisa, vinateremka na utumbo vinatoka na choo, na kwa udongo wenye risasi watafiti wamekuta risasi imejificha ndani ya hivyo vijiwe. Alafu kuna ile ninayoipenda mimi: zile seli za manjano zikishajaa zinabanduka zinaelea kwa maji ya ndani ya mwili, seli za ulinzi zinazizunguka pamoja na takataka zingine hadi zinakuwa vidonge vya rangi ya kahawia, na hivyo vidonge vinakusanyika nyuma, kwa mkia. Na nyungunyungu anaweza kukata kipande cha mkia akakiacha. Kwa hivyo hio ni kama mtu amepakia uchafu wote kwa chumba cha nyuma, alafu anabomoa chumba.

Lakini angalia mkia umeangukia wapi. Kwa shamba lile lile. Vijiwe vya chokaa, shamba lile lile. Ute, mkojo, choo, na akifa mwili wake wote na stoo zake zote, vyote vinarudi kwa udongo ule ule. Hata kama angekuwa anatoa kila kitu, hajakupunguzia hata gramu.

Kijana atakuambia sawa, basi tutawavuna tuwatoe nje. Haya, tupige hesabu, chukua kalamu. Tuseme shamba ni mita 10 kwa 10 na tunahesabu udongo wa juu sentimita 20 tu. Hio ni mita 20 za ujazo, kama tani 26 za udongo. Tuseme risasi ni miligramu 500 kwa kila kilo, ambayo kwa udongo mchafu wa mjini si namba ya kushangaza. Una kilo 13 za risasi hapo. Sasa nyungunyungu. Tuseme wako 200 kwa kila mita ya mraba, hao ni wengi, kwa hivyo wote ni 20,000. Mmoja ana nusu gramu, lakini sehemu kubwa ni maji, akikaushwa anabaki kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Mpe miligramu 100 za risasi kwa kilo ya mwili mkavu, yaani moja kwa tano ya iliyoko kwa udongo, manake risasi kwa kawaida haipandi mwilini kupita ile ya udongo. Kila mmoja amebeba miligramu 0.01. Wote 20,000 pamoja wamebeba miligramu 200. Sehemu moja ya tano ya gramu, mama, kati ya kilo 13. Utavuna nyungunyungu wote wa shamba, bila kuacha hata mmoja, mara 65,000.

Na usiseme nimechagua metali mbaya. Tuchukue kadimiamu, ambayo ndio nyungunyungu wanaikusanya kupita zote, mwilini inaweza kuwa mara kumi ya ile ya udongo ama zaidi. Udongo wenye miligramu 3 kwa kilo utakuwa na gramu 78 kwa hilo shamba, nyungunyungu wote watabeba kama miligramu 60. Mara 1,300. Ukivuna mara mbili kwa mwaka, vitukuu vyako watakuwa wazee na bado wanavuna.

Kitu ingine, na hapa ndio nakasirika kidogo. Wale wanaouzwa ni wale wembamba wekundu wa mbolea, Eisenia fetida na ndugu zake. Hao ni wa samadi na maganda ya jikoni. Ukiwamwaga kwa udongo mtupu, tena mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, watahama ama watakufa. Wanaoishi ndani ya udongo ni aina zingine ambazo hakuna anayeziuza, zinakuja zenyewe ukiweka mboji na ukiacha kulima kila siku. Hata maabara tunawatumia hao wekundu kupima sumu, kuna mtindo wa kimataifa wa tangu 1984, siku 14 kuona kama wanakufa, na mwingine wa wiki 8 kuona kama wanazaa, lakini ni kwa sababu wanafugika haraka. Haimaanishi shambani wanaweza kazi.

Alafu kuna hatari ambayo huwa haisemwi. Nyungunyungu wakikoroga udongo wanabadilisha asidi yake na kuachilia mboji iliyoyeyuka, na tafiti kadhaa zimeona baada ya hapo metali inayoyeyuka kwa maji inaongezeka na mimea inachukua zaidi. Si kila mahali. Lakini inatosha kusema kwamba unaweza kununua nyungunyungu ili sukuma iwe safi na ukapata sukuma yenye metali zaidi. Na hao hao ukiwatengenezea mbolea kwa takataka chafu, kilo 100 za taka zikiisha zikawa 40 metali haijaisha, imebaki karibu yote kwa hizo 40, kwa hivyo kila kilo sasa imekuwa kali karibu mara mbili na nusu. Nimeona mbolea nyeusi nzuri kabisa, inanukia mvua, na bado singeiweka kwa mboga.

Sasa kuku. Nyungunyungu wa shamba chafu si chakula, ni paketi ya vitu viwili: metali iliyoko kwa nyama yake, na udongo mchafu uliojaa tumboni mwake, manake kuku hamfungishi siku mbili kabla ya kumeza. Kadimiamu kwa kuku inaenda kukaa kwa maini na figo. Risasi inaenda kwa mifupa, na kuku anayetaga anatumia kalsiamu ya mifupa kutengeneza ganda la yai, kwa hivyo risasi inapata usafiri hadi kwa yai, hasa kiini. Na yai unampa nani? Mtoto. Ulaya wameona hivyo hivyo kwa wanyama pori wanaokula nyungunyungu, metali inapanda kwa figo zao. Hapa Nairobi wale ndege kwarara wanaotupigia kelele asubuhi na kudonoa kila uwanja wenye nyasi wanakula nyungunyungu siku nzima, ningependa sana mtu awapime.

Kuhusu kama shamba lako kweli lina risasi, siwezi kukuambia kutoka hapa, na kijana pia hawezi kwa kuangalia. Wasiwasi si wa bure. Mwaka 2007 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, walitoa matokeo ya kupima watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora, na karibu nusu walikuwa na risasi kwenye damu kufikia ama kupita maikrogramu 10 kwa desilita, wakati siku hizi WHO, shirika la afya duniani, inasema hata 5 inatosha kutafuta chanzo. Lakini shamba la jirani na lako zinaweza kutofautiana kabisa, inategemea mto ulifurikia wapi, nani alichoma nyaya hapo, nani alipasua betri za gari. Peleka udongo upimwe. Chukua vijiko kutoka sehemu kumi ama zaidi za shamba, juu hadi sentimita 20, changanya kwa ndoo ya plastiki, usitumie ya mabati kwa sababu ina zinki, beba kama nusu kilo. KALRO, lile shirika la utafiti wa kilimo, pale Kabete wanapima udongo, na vyuo vikuu pia viko na maabara, lakini sema kwa mdomo wako kwamba unataka risasi, kadimiamu, zinki na shaba, manake ukisema tu "nipimieni udongo" utapewa asidi na nitrojeni na potasiamu na urudi nyumbani bila jibu. Uliza bei kwanza, na kama mko majirani watano changeni.

Wakati unangoja majibu, sukuma na mchicha hamishia kwa magunia, ujaze udongo uliotoka mbali na mto na mbali na barabara kubwa. Barabara nasema kwa sababu petroli yenye risasi ilikomeshwa Kenya kufikia 2006 lakini risasi yake bado iko hapo kando ya lami, haijaenda popote. Kwa shamba lenyewe panda mahindi ama maharagwe ama nyanya, mimea huwa inapeleka metali kidogo kwa mbegu na matunda kuliko kwa majani. Mboga osha kwa maji safi mara mbili, itatoa vumbi, na risasi nyingi huwa ni hilo vumbi, ila kadimiamu iko ndani ya jani haioshwi. Nduma menya nene. Ongeza mboji safi. Chokaa usimwage hadi ujue asidi yako, kwa udongo wenu mweusi pengine haihitajiki kabisa. Kuku wafungie juu, wasikwaruze karibu na mto.

Na kama ushamlipa kijana, usiwatupe. Watafutie ndoo mbili kuukuu, toboa chini, uwape maganda ya viazi na ndizi na majani ya chai kutoka jikoni, si majani ya shambani na si taka ya barabarani, uwafunike wasipate jua. Hao wa ndoo, wasiowahi kugusa ule udongo wa mtoni, ndio unaweza kupa kuku.